Visima Havitubu Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili leo kwa sababu moja: nataka ushahidi. Ofisini kwetu maneno hubadilika rangi kama kinyonga, na mambo yakiharibika, lawama humwangukia asiyeandika. Kwa hiyo naandika.

Asubuhi Mkurugenzi alituita sote saba chumbani kwake, akamtambulisha mtaalamu wa takwimu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, katoka masomoni ng'ambo, viatu vya raba, sauti ya upole. Mtu wa sauti ya upole huwa simwamini mapema. Akatuambia kwamba vipimo vyetu vyote vitawekwa wazi mtandaoni. Vyote. Mtu yeyote, popote alipo, atavisoma, atavichukua, atavitumia.

"Bure?" nikauliza.

"Bure, mama. Wazi kabisa."

Alisema neno "wazi" mara tisa. Nilihesabu. Nimeshampa jina: Bi Wazi.

Vipimo anavyovitoa kama pipi ni vyangu. Mimi ni mkuu wa maabara ya maji. Miaka kumi na moja nimezunguka visima kumi na vinne kila mwezi, jua na tope, nikipima floraidi. Ni madini usiyoyaona wala kuyaonja, lakini yakizidi kwenye maji huchafua meno ya watoto, na baada ya miaka mingi hukaza viungo vya wakubwa. Nina madaftari kumi na moja kabatini. Leo nimehamishia ufunguo kwenye mkufu wangu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Wazi alivuta kiti akakaa karibu yangu bila kualikwa.

"Mama, unajua programu huria?"

"Nijuze."

Akaeleza kwamba wako watu wanaoandika programu za kompyuta, halafu badala ya kuzificha wanaziweka hadharani, ndani na nje, kama saa iliyofunguliwa kifuniko. Mwingine anazisoma, anaona kosa, anarekebisha, anarudisha. Mwenye programu habaki mikono mitupu, maana jina lake linabaki pale na kitu chake kinazidi kuwa imara. "Sasa nasi tunataka kufanya hivyo na sayansi. Vipimo, njia tulizotumia, hata tulipokosea."

"Na akija mtu akachukua jasho langu akajengea jina lake?"

"Atalazimika kukutaja."

"Mwizi naye hulazimika kupiga hodi."

Akacheka. Mimi sikuwa nimetania.

Jumatatu, 10 Machi

Ameomba ufunguo wa kabati. Nimekataa. Amekwenda kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi amekuja mwenyewe, tabasamu mpaka masikioni: "Mama, dunia inakwenda mbele." Nimefungua.

Amepiga picha kurasa za majedwali, moja baada ya nyingine, akinakili namba kwenye kompyuta yake, nami nimekaa pembeni nikihesabu. Kurasa za nyuma, ninapoandika mambo ya vifaa na vilivyovunjika, hakuzigusa. Alipoondoka nilifunga uzi mwekundu kwenye komeo la kabati, mwembamba, usioonekana usipoutafuta. Atakayefungua nitamjua.

Jumanne, 11 Machi

Paa linavuja juu ya mizani. Ndoo mbili. Uzi upo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa dada. Anakaa hatua hamsini kutoka kisima namba saba. Kulikuwa na foleni ya ndoo, naye akanipitisha katikati ya wanawake wenzake kama anayetembeza kombe: "Mdogo wangu huyu. Ndiye aliyetufungulia kisima."

Ni kweli. Zamani kisima hicho kilikuwa na kufuli kwa sababu ya floraidi, na dada alikuwa akifuata maji namba mbili, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Miaka sita iliyopita vipimo vyangu vilishuka chini ya kikomo, kufuli likatolewa, na mimi mwenyewe nikamwambia, "Dada, pumzisha miguu."

Mjukuu wake, tunayemwita Kasuku kwa kuwa hafungi mdomo, ana miaka minane sasa. Leo alikuwa akicheka huku amejiziba kwa kiganja.

"Amekuwa bibi harusi," dada akasema. Tukacheka.

Jumatatu, 24 Machi

Ukurasa umefunguliwa leo. Pembeni kuna kinamba kinachoonyesha ni watu wangapi wamechukua jedwali letu. Kufikia jioni: watatu. Mmoja ni mimi. Mmoja Bi Wazi. Wa tatu ni nani?

Jumanne, 25 Machi

Kumi na moja.

Alhamisi, 27 Machi

Arobaini. Ni watu gani hawa wenye kiu ya visima vya wenzao? Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Bi Wazi alinionyesha ramani iliyochorwa na watu wa chuo fulani mbali huko kwa kutumia namba zetu. Chini kabisa nimetajwa. Jina langu limekosewa herufi moja.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Hata aliyeiba kuku hukumbuka rangi yake."

Lakini nilipobaki peke yangu niliifungua tena ile ramani. Niandike ukweli, maana daftari ni langu: niliifungua mara tatu.

Uzi upo. Themanini na sita.

Jumatano, 9 Aprili

Ilikuja leo, saa nne asubuhi, kwenye sehemu ya maoni chini ya jedwali. Nainakili neno kwa neno:

"Habari za kazi. Mimi ni tabibu wa meno, si mtaalamu wa maji, kwa hiyo nisameheni nikiuliza la kijinga. Nimechora namba zenu kwenye karatasi ya mistari. Naona Januari, miaka sita iliyopita, visima vyote kumi na vinne vinashuka hadi nusu kwa mwezi mmoja, wala havipandi tena. Kulitokea nini?"

Ofisi nzima iliisoma kabla sijamaliza chai. Mkurugenzi alinipitia mlangoni bila tabasamu. "Mjibu huyo. Leo."

Nikajibu kwamba mvua za mwisho wa mwaka uliotangulia zilikuwa kubwa na zilizimua maji ya ardhini. Ndiyo sababu tuliyoitoa miaka yote, na ndiyo iliyomfanya Mkurugenzi apewe cheti na wakubwa wake: visima vimepona.

Alhamisi, 10 Aprili

Amejibu.

"Asante sana, mama. Ila mvua ilipokwisha, mbona namba hazikurudi? Na visima virefu na vifupi vimeshukaje sawasawa? Watu kumi na wanne wanaweza kuacha pombe, lakini si siku moja. Nadhani visima navyo havitubu siku moja."

Nilizima kompyuta kwa swichi ya ukutani.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefikiri. Tabibu wa meno ana haja gani na majedwali? Na kwa nini aje wiki mbili tu baada ya ukurasa kufunguliwa? Namjua mtu mmoja anayechora kila kitu kwenye mistari, naye amekaa meza ya pili kutoka kwangu, na viatu vyake vya raba. Naamini hakuna tabibu wa meno yeyote. Naamini Bi Wazi amejiandikia, ili aninyang'anye maabara kwa sauti ya upole.

Mvua, ndoo tatu. Mia moja thelathini.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nimekuwa jasusi.

Chini ya maoni ya tabibu palikuwa na jina la kliniki, katika mji mdogo wa jirani. Nikapanda basi la asubuhi, nimejifunga kitambaa shavuni kama anayeumwa jino. Nilitarajia kukuta duka la viatu. Nikakuta kliniki: chumba kimoja, kiti cha kulala, dirisha lenye pazia la kijani, na mwanamke mnene mwenye miwani minene ananawa mikono.

"Karibu. Jino gani?"

Nikaonyesha la kwanza lililonijia.

Akanilaza, akanifungua mdomo, akaanza kuzungumza kama wafanyavyo wote, wakati huwezi kujibu.

"Hili halina kitu. Na hili zima. Una meno mazuri, dada. Ungeona watoto wanaoletwa hapa! Meno ya mbele yana mistari ya kahawia, mengine yamechimbika. Nikawa nauliza kila mzazi anachota maji wapi. Mwaka huu pekee, kumi na tisa wametoka mtaa mmoja, wanakunywa kisima namba saba. Lakini nikiulizia vipimo naambiwa kisima ni salama. Nikadhani naota. Mwezi uliopita vipimo vikawekwa mtandaoni, nikakaa Jumapili nzima nikichora."

Nikatoa sauti kooni.

"Naumiza? Pole. Basi nikamwandikia mama wa maabara yao. Sijamwona, lakini ukisoma kazi yake unajua ni mtu makini. Miaka kumi na moja hajaruka mwezi hata mmoja! Ndiyo maana nimeuliza. Angekuwa mzembe nisingehangaika, ningesema tu namba zake ni takataka."

Akaniinua. Akaniambia sina jino bovu, pengine ni mawazo, yapo maumivu ya namna hiyo. Nikamshukuru, nikatoka. Basi lilichelewa saa moja na nusu, nikasimama kwenye mvua nikiwa bado nimejifunga kitambaa, sijui nilikuwa namficha nani tena.

Jumanne, 22 Aprili

Uzi upo, lakini daftari la miaka sita iliyopita halipo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Wazi. Sikusalimu.

"Lirudishe."

"Nirudishe nini, mama?"

"Daftari langu. Usinichezee."

Akaweka kalamu chini. "Mkurugenzi alilichukua jana. Ana ufunguo wa akiba. Na kompyuta yenye picha za kurasa ameichukua pia, anasema ni matengenezo."

Nikaingia kwa Mkurugenzi. Daftari langu lilikuwa mezani, gazeti juu yake, pembe moja nje. Hakulificha zaidi. Alifunga mlango akanivutia kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mama, mimi na wewe tumetoka mbali. Kisima kile tulikifungua pamoja."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Huyu binti amenakili namba elfu mbili kwa mkono. Binadamu hukosea. Utaandika barua fupi: vipimo vya maabara ni sahihi, kosa ni la kunakili. Ukurasa tunaufunga. Yeye atapelekwa idara nyingine, kijana bado, hataumia." Akanisukumia daftari. "Hili kakae nalo nyumbani. Salama."

Nililiweka mkobani. Niliposhika kitasa cha mlango nilijisikia vibaya, maana kile alichokuwa akinipa ndicho nilichokuwa nakitaka tangu tarehe tatu Machi.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Mashine ya floraidi haina akili yake. Kila mwezi lazima uifundishe kwanza kwa maji ya mfano unayoyatengeneza mwenyewe: unga wa floraidi uliopimwa kwa mizani, ndani ya lita moja ya maji safi. Unaiambia, "Haya ndiyo makali kiasi hiki," nayo inalinganisha kila kisima na hayo. Ukiifundisha uongo, itausema uongo huo kwa uaminifu kabisa. Maelezo ya kutengeneza maji hayo yako kwenye kadi niliyoiandika kwa mkono wangu, imebandikwa juu ya mizani. Hati nzuri. Wageni huisifu.

Asubuhi nilifungua lile daftari, lililoanzia Julai iliyotangulia, kurasa za nyuma. Mwezi Oktoba, penseli yangu mwenyewe: "Leo chupa ya lita moja imevunjika. Tunatumia ya nusu lita mpaka mpya ije. KUMBUKA: unga nao uwe nusu." Na pembeni: "Nimeandika kwenye kadi kwa penseli."

Chupa mpya haikuja. Hiyo ya nusu lita tunayo mpaka leo, nimeishika kila mwezi, shingo ndefu, alama ya bluu. Mwezi Januari, mstari mmoja tu: "Kadi ya zamani imelowa. Nimeinakili upya, safi."

Nikainua macho ukutani. Kadi safi. Unga wa lita moja, "jaza mpaka alama". Ule mstari wa penseli sikuunakili.

Hivyo tangu Januari ile unga wa lita moja umekuwa ukiingia kwenye nusu lita. Maji ya mfano yalikuwa makali mara mbili ya nilivyoiambia mashine, nayo, mashine mtiifu, ikakiona kila kisima nusu ya kilivyo. Zamani kila mwaka tulikuwa tukiletewa sampuli za ukaguzi kutoka nje, zingenigutusha. Zilisimama kabla ya hapo, na mimi sikupigania zirudi. Kwa nini nikaguliwe? Nilikuwa najijua.

Nikatengeneza maji mapya, unga nusu, mara mbili nikihakikisha mizani. Nikafundisha mashine upya. Nikachukua chupa ya sampuli ya kisima namba saba ya mwezi huu, ile niliyoiandikia moja nukta tatu. Kikomo ni moja nukta tano.

Mbili nukta sita.

Nikapima tena. Mbili nukta sita. Nikaosha kila kitu nikapima ya tatu. Mbili nukta saba.

Bi Wazi aliingia kuchukua kalamu. Nikaziba kioo cha mashine kwa kiganja, kama Kasuku anavyoziba mdomo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto anaziba mdomo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Mkurugenzi ameuliza kama barua iko tayari. Nimesema bado natafuta maneno.

Jumatano, 30 Aprili

Amemwita Bi Wazi mbele yetu sote. "Unakubali kwamba unaweza kuwa umekosea kunakili?"

"Kukosea naweza. Lakini nilisoma kila ukurasa mara mbili, na mama alikuwa amekaa pembeni yangu akihesabu. Mwulizeni."

Watu wote wakanigeukia. Nikasema naumwa kichwa.

Ukurasa umefungwa. Kinamba kilisimama kwenye mia mbili na kumi na mbili. Kile kinamba nilichokuwa nakiogopa kama joto la mgonjwa, leo ndicho kilichonipa pumzi: watu mia mbili na kumi na wawili wanazo namba zile, na Mkurugenzi hana ufunguo wa makabati yao. Lakini hawana kurasa za nyuma. Hizo ziko uvunguni kwangu, ndani ya mfuko wa plastiki.

Jumamosi, 3 Mei

Kwa dada. Viatu vilizama tope mpaka fundoni.

"Kasuku, njoo bibi akuone meno."

"Sitaki."

"Nitakuonyesha yangu. Tabibu mmoja kanisifu."

Akafungua, kwa kutazama pembeni. Meno mawili ya mbele, mapya, makubwa bado kwa uso wake, yamepigwa mistari ya kahawia kama kikombe kilichoachwa na chai.

"Ni peremende," dada akasema. "Namkataza kila siku. Shuleni wanamwita Kutu. Anapiga mswaki mpaka fizi zinatoka damu."

"Si peremende, bibi," Kasuku akasema. "Sili peremende."

Hakuna aliyemwamini. Ana miaka minane, na ndiye pekee aliyekuwa akisema kweli chumbani.

Dada akanimiminia maji. "Kunywa basi, umetembea. Maji yako hayo."

Glasi moja haimdhuru mtu mzima, hilo nalijua kitaalamu. Nikanywa yote, macho yakinitoka machozi, dada akadhani nimepaliwa akanipigapiga mgongoni. Sikumwambia. Nilikuwa na nafasi saa mbili nzima, na sikumwambia.

Jumatatu, 5 Mei

Nilimkuta Bi Wazi anafungasha vitabu vyake kwenye boksi. Nikaweka mfuko wa plastiki juu ya boksi.

"Soma Oktoba. Kisha Januari. Kisha kaitazame kadi."

Alisoma amesimama. Alipofika Januari akakaa chini.

"Mama," akasema, "hili lingeweza kubaki uvunguni milele."

"Ndilo lililokuwa likinitisha. Niambie, ukurasa unaweza kufunguliwa?"

"Funguo za ukurasa ninazo mimi, mpaka saa kumi leo. Baada ya hapo naitwa wa idara nyingine."

"Basi tuna saa sita."

Tuliandika pamoja. Alitaka kuweka "hitilafu ya kitaratibu". Nikamwambia afute. Niliandika: nilikosea, hivi ndivyo nilivyokosea, hii hapa picha ya ukurasa, hii hapa picha ya kadi, zidisha kila namba tangu Januari ile kwa mbili. Visima vinne vinavuka kikomo: namba tatu, saba, tisa na kumi na mbili. Msinywe. Halafu jina langu, herufi zote.

Kabla hajabonyeza nikamwambia, "Na mimi nilikushuku. Tangu siku ya kwanza."

"Najua, mama. Ule uzi mwekundu. Mkurugenzi alipofungua kabati ulianguka, nikauokota nikaufunga tena, usije ukapata shinikizo la damu."

Nilicheka. Sijui kicheko kilitoka wapi siku kama hiyo, lakini kilitoka. Kisha akabonyeza. Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana, na nje mvua ilikuwa imesimama bila mtu kuitambua.

Jumatano, 7 Mei

Nimevuliwa ukuu wa maabara. Barua ina mistari minne na kosa moja la tahajia. Kufuli limerudi kisima namba saba. Nimempigia dada mara tano. Hapokei.

Alhamisi, 8 Mei

Hapokei.

Jumamosi, 10 Mei

Hapokei. Nimekwenda, mlango ulikuwa wazi nilipokuwa mbali, umefungwa nilipofika.

Jumamosi, 17 Mei

Mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Mkurugenzi hakuja. Nilisimama peke yangu mbele ya watu wapatao mia mbili nikaeleza chupa na unga. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Miaka sita ulikuwa unakunywa wapi wewe?"

"Bomba la mjini."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mzee mmoja akauliza kama miguu yake itanyooka, nikamwambia sijui. Kijana akasema, "Leo unasema hivi, mwakani utasema chupa nyingine. Tukuamini vipi?" Nilisema, "Msiniamini. Njooni mtazame ninavyopima. Namba zitabandikwa hapa shuleni siku hiyo hiyo, na mtandaoni, na jinsi zilivyopatikana."

Dada alikuwa nyuma kabisa, Kasuku kamshika mkono. Nilipotafuta uso wake mara ya pili, hakuwepo.

Jumatatu, 26 Mei

Kifurushi kutoka maabara ya mbali, watu nisiowajua. Walisoma ukurasa wetu, wakaenda kukagua chupa zao, wakakuta ziko sawa. Wametutumia sampuli tano zenye makali wanayoyajua wao tu. Nimezipima. Nimewatumia namba bila kujua majibu, nikasubiri kama mwanafunzi. Zote tano zimelingana na zao. Bi Wazi alipiga kofi mezani, chai ikamwagika juu ya barua yake ya uhamisho, ambayo kumbe hakuna aliyewahi kuitekeleza.

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya sita bila mvua. Mkurugenzi amehojiwa redioni. Amesema uwazi umekuwa sera yake tangu mwanzo, na kwamba taasisi isiyokiri makosa haifai. Fundi wa paa, aliyekuwa juu ya ngazi, aliuliza, "Huyo ndiye bosi wenu? Anaongea vizuri." Tukamwambia ndiyo, anaongea vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Leo saa tatu asubuhi mlango wa maabara ulifunguliwa bila hodi. Dada. Ndoo ndogo yenye mfuniko mkononi, vumbi mpaka magotini. Ametoka namba mbili, ile saa nzima ya mwendo, kisha basi.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Akaweka ndoo juu ya meza. "Nimerudia kuchota namba mbili. Nacho wanasema ni salama. Pima."

"Nilipima wiki iliyopita, dada. Iko chini kabisa. Imebandikwa pale..."

"Nimeisoma pale. Sitaki ya kusoma. Pima nikiwa nimesimama hapa."

Bi Wazi alitaka kumpa kiti. Akakataa. Alisimama ubavuni kwangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, kama alivyokuwa akinisimamia nikiosha vyombo utotoni. Nikamweleza kila hatua. Huu ndio unga. Hii ndiyo mizani, soma mwenyewe namba. Hii ndiyo chupa, lita moja, mpya. Alisoma namba kwa sauti, akaandika kwa kalamu kwenye kiganja chake. Kasuku anapiga mswaki bado, akaniambia bila kunitazama, na tabibu wa meno wa mji wa jirani amesema yako mambo ya kufanya kwa yale meno akikua kidogo.

"Nitampeleka mimi," nikasema.

"Nitampeleka mimi. Wewe utakuja."

Nikachukua chupa mbili ndogo za sampuli, nikaziosha, nikanyoosha mkono kuelekea ndoo yake. Akanishika kifundo cha mkono.

"Ile umeiosha mara tatu. Hii umeiosha mara mbili. Kwa nini?"

Nikaitazama chupa. Ni mazoea tu, miaka kumi na moja ya mazoea.

Nikaiosha tena.